Nargis wa Vichochoroni

Masika yakikolea, vichochoro vya Mji Mkongwe vinakuwa na sheria yake. Unashuka kutoka Hurumzi, mvua imekaza, unakutana na mtu anakuja na mwavuli wake umekunjuliwa, na wewe wako umekunjuliwa, na njia haichukui miavuli miwili. Mmoja atanyanyua wake juu kadiri mkono unavyofika, mwengine ataulaza wake ubavuni, mabega yatagusana, salamu itapita, na maji ya mabati yatamwagikia shingoni yule aliyekubali kushusha. Aghalabu huwa ni mdogo kwa umri. Masika moja niliwaona vijana wawili wakipita hapo, mke na mume kwa jinsi walivyokuwa wakitembea bila ya wasiwasi, wako chini ya mwavuli mmoja mweusi uliovunjika njiti, na kila mmoja anausukumia kwa mwenzake mpaka wote wawili wakawa wanarowa. Bibi mmoja aliyekaa barazani, buibui amelikunja magotini, aliwatazama mpaka walipokata kona, kisha akatamka jina moja tu: "Nargis." Mwenzake wa pembeni akacheka kicheko cha watu waliosoma skuli moja. Vijana wale hawakugeuka, na hata wangegeuka sidhani kama wangejua wameitwa nani.

Nargis hakuwa mtu wa hapa. Alizaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929, akaitwa Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji wa majlisi ambaye baadaye alitengeneza filamu na kuzitilia muziki mwenyewe, wakati wanawake wa India waliothubutu hivyo walihesabika kwa vidole. Sinema ilimchukua binti angali na meno ya utoto: mwaka 1935 alionekana katika Talashe Haq kwa jina la Baby Nargis, na jina likamganda. Mwaka 1943 Mehboob Khan akampa Taqdeer. Mwaka 1949 zikaja Andaz na Barsaat. Mwaka 1951 Awaara. Mwaka 1955 Shree 420, ambamo ndani yake umo ule mwavuli. Yeye na Raj Kapoor wamesimama barabarani usiku, mvua inanyesha, mwavuli ni mmoja, na hakuna anayekubali kuwa wake. Unakwenda kwa huyu, unarejea kwa yule. Muuza chai amekaa pembeni na birika lake, anatazama. Watoto watatu waliovaa makoti ya mvua wanapita wameshikana mikono. Hapana busu, hapana mkono uliokwenda pasipo pake. Kila mtu mzima aliyekuwa ukumbini alijua kilichosemwa, na mtoto aliyekaa katikati ya wazazi wake aliona mvua tu. Nadhani ustadi wote wa picha za Kihindi za zama zile umo katika hiyo tofauti ya walichoona watu waliokaa safu moja.

Mwaka huohuo wa 1955 ilifunguliwa Majestic pale Vuga, badala ya Royal iliyoungua. Royal yenyewe ilikuwa imesimama tangu 1921, imechorwa na John Sinclair, Mwingereza yuleyule aliyechora Mahkama Kuu iliyo hatua chache kutoka hapo. Kwa mji mdogo kama huu, kumbi zilikuwa nyingi: Majestic, Empire, Sultana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaongezeka Cine Afrique kule Malindi. Jumapili ndiyo siku ya picha ya Kihindi. Watu wa Ng'ambo walivuka Darajani kwa makundi, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'ara, mabibi wamejifukiza udi kana kwamba wanakwenda harusini. Tiketi zikimalizika dirishani zilikuwa bado hazijamalizika kwa walanguzi. Masimulizi ya mji yana kijana wa baiskeli pia, aliyekuwa akipakia mikebe ya picha nyuma ya tandiko na kukimbia nayo kutoka ukumbi mmoja kwenda mwengine, kwa kuwa nakala ilikuwa moja na kumbi mbili zinaitaka usiku uleule; ukumbi wa pili ukikaa gizani ukipiga miluzi mpaka kengele ya baiskeli isikike. Na katika miji mingi ya pwani yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, ambapo buibui lilishushwa mabegani na mtu akalia atakavyo. Mwanamke wa mjini, ambaye kutoka kwake nyumbani kulihitaji ruhusa na sababu, hapo alikuwa na sababu ambayo hata mumewe aliitaka, kwa sababu usiku mume angeomba asimuliwe.

Wengi wao hawakukijua Kihindi. Maneno mawili matatu yaliwadondokea masikioni wakayatambua, dunia, haki, subira, yaliyofika Bombay na Unguja kwa jahazi zilezile, lakini mtu haelewi picha ya saa tatu kwa maneno matatu. Walijazia wenyewe. Na kujazia, mji huu ulikwishakukujua zamani. Tazama taarab. Shairi amelitunga bwana mmoja kwa jambo lake la moyoni, anayeliimba ni bibi asiyehusika nalo, na katikati ya ubeti atanyanyuka mwanamke wa tatu, atavuka ukumbi kwa maringo, noti kaikunja vidoleni, atamtunza mwimbaji kwenye mstari uleule unaomchoma jirani yake. Kuanzia hapo mstari ni wake. Hapana atakayeuliza ulitungwa kwa ajili ya nani. Tazama na kanga, ambazo nyingi huchapwa India: mtu ananunua dukani maneno yaliyochapwa kwa maelfu, anajifunga, anapita mlangoni kwa wifi yake, na yale maelfu yanakuwa barua moja yenye mwenyewe. Watu waliozoea mambo haya hawawezi kushindwa na Nargis. Walimtazama kwenye kitambaa cheupe, wakachagua uso wake wa hasira au wa kukata tamaa, wakautunza, wakaondoka nao. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema picha za Kihindi zilituvamia, huwa nashangaa. Aliyevamiwa hachagui, na watu hawa walichagua sana. Picha ngapi zilikuja na nyota zake zikaondoka bila ya mtu kuzikumbuka? Mchele ulikuwa wa Bombay, mapishi ya kwetu.

Wala safari haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1928, mwaka mmoja kabla Nargis hajazaliwa, Siti binti Saad alipanda meli pamoja na wapigaji wake akenda Bombay kurekodi santuri. Mtoto wa Fumba, aliyeanza maisha akiuza vyungu vya mamaake, alisimama mbele ya mitambo ya His Master's Voice akaimba kwa Kiswahili, na sauti ikarejea nyumbani ndani ya sahani nyeusi. Ninapenda kuufikiria mpangilio huo: sauti ya mwanamke wa Unguja ilitangulia kuvuka bahari, uso wa mwanamke wa India ukaja baadaye. Wote wawili walitoka katika kazi ambayo watu wenye heshima zao waliifurahia usiku na kuisema vibaya asubuhi. Jaddanbai aliijua hali hiyo, Siti aliijua. Siti aliposemwa kwa sura yake na nasaba yake alijibu kwa wimbo. Na Siti hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mkono wa sheria ukawaangukia wasiokuwa wauaji. Ilikuwa kesi iliyokwisha mahakamani, yeye akaifungua upya ukumbini. Siti alifariki Julai 1950. Awaara ilitoka mwishoni mwa mwaka uliofuata, hakuiona, na hilo linanisikitisha kidogo, kwa sababu ndani yake yumo mwanamke aliyefanya kazi aliyokuwa akiifanya yeye, ila huyu kavaa joho la wakili.

Rita wa Awaara ni mwanasheria. Amelelewa na jaji anayeamini kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi, na mtuhumiwa anayemtetea, Raj, ni mwana wa jaji huyo mwenyewe, aliyefukuzwa pamoja na mama yake kabla hajazaliwa kwa sababu ya shuku. Mahakama nzima ya picha ile ni ugomvi wa methali zetu mbili. Moja inasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na jaji ndiyo aliyoishika. Nyengine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Nargis amesimama nayo, kidevu kimenyanyuka, anamuuliza mlezi wake maswali ambayo binti haulizi. Kwetu methali hizi zinaishi nyumba moja, kila moja inaitwa inapohitajika, na hapana aliyewahi kuzipeleka mbele ya hakimu zichaguliwe. Yeye alizipeleka. Fikiria hilo limeonwa na watu wa kisiwa ambamo nasaba ilikuwa ndiyo hati ya kwanza ya mtu, ambamo swali la "wewe mtoto wa nani" lilitangulia "hujambo," ambamo mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana walijuana kwa majina. Fikiria kwamba wakitoka nje, Mahkama Kuu hiyo hapo Vuga. Picha ile ilipendwa Moscow, ilipendwa Uturuki, ilipendwa China, na kila pahali walikuwa na sababu zao. Sababu ya Unguja nadhani ilikuwa hii: msichana alimwambia mzee mwenye cheo kwamba amekosea, akamwambia kwa adabu, kwa hoja, mbele ya watu, na dunia haikuanguka. Raj alifungwa miaka mitatu. Rita akaahidi kumsubiri. Mabibi wengi waliolia hapo walikuwa wameozwa wakiwa wali, bila ya kuulizwa, kwa mtu waliyemwona usiku wa harusi. Sitaki kudai najua walimlilia nani.

Lakini Nargis wa mjini hapa, yule ambaye jina lake limekaa, ni wa Mother India. Ilitoka Oktoba 1957. Mehboob Khan alikuwa ameifanya hadithi hiyo mara moja kabla, mwaka 1940, kwa jina la Aurat, akairudia kwa rangi na kwa Nargis. Radha ni bi harusi wa kijijini ambaye mkwewe alikopa kwa Sukhilala, mkopeshaji, ili kuilipia harusi, na hati ikaandikwa na mwenye kujua kuandika kwa ajili ya asiyejua kusoma. Robo tatu ya mavuno ikawa riba. Mume anapondwa mikono na jiwe akijaribu kulima ardhi ya mawe, na baadaye, kwa aibu ya kulishwa na mkewe, anaondoka usiku asirudi tena. Maji yanafurika shamba. Mwanamke anabaki na watoto, anajifunga jembe la plau begani, pahali pa ng'ombe, na anavuta. Picha hiyo ndiyo iliyobandikwa kila pahali: shingo imekaza, matope mpaka usoni, macho hayaombi. Alikuwa na miaka 28. Sunil Dutt, aliyecheza Birju mwanawe, alizaliwa tarehe 6 Juni 1929, maana yake mama alimzidi mwana siku tano. Hapana aliyekuwa ukumbini aliyejali. Ukimtazama Radha akiwa mzee, mikono imekakamaa, kope nzito, unaamini kuwa amezaa, amezika, amesubiri mvua.

Kuna pahali ndani ya picha hiyo ambapo watoto wanakufa na njaa, na Radha, ametapakaa matope, anakwenda nyumbani kwa Sukhilala kujitoa, kwa sababu hana tena cha kutoa. Mbele ya sanamu la mungu wa mali anasimama na kugombana nalo. Kisha anakataa, anatoka kama alivyoingia, na matope yake. Waislamu wa Unguja waliokuwa wakitazama walifanya nini na sanamu lile? Waliliacha palepale lilipo. Hasira waliichukua. Na bangili waliichukua pia, kwa sababu hiyo hawakuhitaji kutafsiriwa hata kidogo. Bangili za harusi za Radha zipo rehani kwa Sukhilala, na Birju, tangu mtoto, hana analoliwaza ila kuzirejesha mkononi mwa mama yake. Nani mjini hapa hajui safari ya bangili ya dhahabu? Inatoka mkononi ada ya skuli inapofika, inakaa kwa sonara, inarejea baada ya msimu wa karafuu kama msimu ulikuwa mzuri. Mkono wa mwanamke ulikuwa daftari la hesabu za nyumba. Waliojua kusoma walilisoma harusini, wakinyamaza.

Na deni lenyewe walilijua kwa majina ya mashamba. Katika miaka ya 1920 na 1930 mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ilikuwa rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria za kuyazuia mashamba yasiwahamie. Biashara ya karafuu ikawekwa chini ya chama cha wakulima, na mwaka 1937 wafanyabiashara wakaisusa. Miaka ishirini baadaye, katika ukumbi wa mfanyabiashara wa Kihindi, ikaonyeshwa picha ya Kihindi ambayo adui wake ni mkopeshaji wa Kihindi, na waliokata tiketi walikuwa wajukuu wa wadai na wajukuu wa wadaiwa, pamoja na mafundi cherehani na washona viatu wa Kihindi waliokuwa wakidaiwa na kila mtu. Walimzomea Sukhilala kwa pamoja. Sijui mji mwengine ambao jambo hili lingekwenda hivyo bila ya viti kuvunjwa. Dawa ya deni kulipa, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakueleza la kufanya pale hati inapokuwa ya uongo, na kwa saa tatu ukumbi mzima ulilitafakari swali hilo bila ya kumtazama jirani.

Birju alikuwa na jibu lake, akawa jambazi, akamuua Sukhilala, akamnyakua binti yake siku ya harusi. Mama yake akachukua bunduki. Alimwambia angempiga, na alimpiga, kwa sababu heshima ya binti wa kijiji, hata binti wa adui, ni heshima yake. Mtoto akamfia mikononi, bangili zina damu. Hapa ndipo baraza zilipogawika, na wenye umri wao wanaweza kuuwasha mjadala huo mpaka leo ukiwagusia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: upande mmoja unasema mzazi asingeweza, ile ni picha tu. Upande mwengine unasema mzazi peke yake ndiye angeweza, mwengine angekuwa muuaji. Mimi niko na upande wa pili, kwa shingo upande. Lakini nazingatia pia siku zenyewe. Julai 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza, na kilichofuata tunakiita zama za siasa: watu kususiana maduka, kususiana maziko, ndugu wa ziwa moja kupita njia mbili. Mother India ilifika katika hali hiyo. Watu ambao asubuhi hawakuamkiana walikaa gizani wakamlilia mama mmoja aliyeambiwa achague kati ya mwanawe na haki. Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Kumbi zikawa mali ya serikali, familia nyingi za Kihindi zikaondoka, na kisiwa kikapata mama zake wenyewe waliobaki na maswali mazito kuliko ya Radha. Sitayaeleza hapa. Nasema tu kwamba mtu aliyeiona picha hiyo mwaka 1958 na akaja kuiona tena mwaka 1968, katika kiti kilekile, hakuona picha ile ile.

Maisha ya Nargis nje ya kitambaa yalikuwa na vituko ambavyo mtunzi angeona haya kuviandika. Wakati wa kupiga sehemu ya moto wa Mother India, upepo uligeuka, moto ukamzunguka, na Sunil Dutt akaruka ndani kumtoa. Mwana kwenye picha akawa mume: walioana Machi 1958. Wanaopenda habari za mapenzi yake na Raj Kapoor wana vitabu vyao, mimi napita. Aliacha kuigiza karibu kabisa. Alirejea kwa Raat Aur Din ya 1967, akacheza mwanamke mwenye nafsi mbili, na kwa kazi hiyo akawa mwigizaji wa kwanza wa kike kupewa tuzo ya taifa ya filamu ya India. Aliwatumikia watoto wenye ulemavu. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia baraza la juu la bunge, na huko akamlaumu Satyajit Ray kwamba anauuzia ulimwengu umaskini wa India. Hapo sikubaliani naye, na nadhani Radha mwenyewe, na matope yake, asingekubaliana naye. Saratani ya kongosho ilimchukua tarehe 3 Mei 1981 huko Bombay, siku chache tu kabla ya kuonyeshwa Rocky, picha ya kwanza ya mwanawe Sanjay. Alizikwa kwa desturi ya Kiislamu. Kwa watu wa hapa, wengi wao, hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake. Walikuwa wamemwona kwa miaka akiwa na alama nyekundu ya paji la uso, wakajua sasa kwamba amesomewa kama watakavyosomewa wao.

Nimesema uso, sikusema sauti, na kuna sababu. Sauti tuliyomsikia nayo akiimba haikuwa yake. Mara nyingi ilikuwa ya Lata Mangeshkar, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1929 na akaishi mpaka Februari 2022. Watu wa mataifa mengine huona hilo ni udanganyifu. Hapa halikumshangaza mtu, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa: aliyetunga ni mwengine, aliyeimba ni mwengine, aliyetunza ni mwengine, na wimbo ni wa mwenye kidonda. Tuni zenyewe zikavuka zikavalishwa maneno ya Kiswahili. Mombasa alikuwepo Juma Bhalo, aliyeichukua lahani ya Kihindi akaitia mafumbo mazito ya Kimvita mpaka harusi ikanyamaza kumsikiliza. Wapo wanaolidharau taarab la namna hiyo, wakisema la asili ni la udi na kanuni tu. Wana haki ya kupenda wanachopenda. Lakini kanuni nayo ilishuka bandarini siku moja, imetoka Misri, na hapana aliyeirejesha melini.

Sasa zile kumbi nne zimezima. Ilianza televisheni, ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha vidio, kisha sahani, kisha simu. Picha ikatoka ukumbini ikaingia sebuleni, ikatoka sebuleni ikaingia kiganjani. Huko Dar es Salaam wakatokea wasimulizi kama Lufufu, wanaoitia picha nzima sauti zao za Kiswahili, kwa utani na chumvi, ili asiwepo wa kukwama. Na siku hizi tamthilia huja zimeshazungumzishwa Kiswahili tangu studio. Si vibaya. Ila mtazamaji wa namna hiyo ameondolewa kazi. Bibi wa barazani Hurumzi aliipata Awaara kwa jasho, aliijenga mwenyewe kwa nyuso na nyimbo na mnong'ono wa aliyekaa nyuma yake, na mtu hakisahau alichokijenga. Simu inaweza kukuletea Shree 420 sasa hivi, bure, na mwavuli wake. Haiwezi kukuletea mlio wa watu mia kadhaa kuvuta pumzi kwa pamoja mama anaponyanyua bunduki. Nargis wa peke yake, mwenye kutazamwa na mtu mmoja kitandani, ni mwigizaji mzuri wa zamani. Nargis wa Majestic alikuwa shauri la mji.

Tamasha la filamu la ZIFF limeweka kitambaa chake Ngome Kongwe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya nyota, na usiku wa picha ya Kihindi unaona kina mama wanavyojitokeza. Na wapo wanaohangaika kuifufua Majestic, ambayo paa lake lilianguka na miti ikaota palipokuwa na viti. Nawatakia kheri, kwa sababu nyumba za mji huu zikianguka huwa hazisubiri; Beit el Ajaib lilituonyesha hilo Disemba 2020. Siku watakapofungua mlango patakuwa na ubishi wa picha ya kwanza. Vijana watataka ya kwao, na wapenda mapenzi watataka mwavuli. Kura yangu ni Mother India, Jumapili, saa kumi na nusu za jioni, wanawake waingie kwanza, na tafsiri isiandikwe chini ya kitambaa. Asiyeelewa amuulize bibi aliyekaa jirani yake.